Joto la boa wa mchangani Nairobi: mkeka, balbu ya vifaranga au emita ya kauri?

Mchanga_Kavu

Habari zenu wadau. Naomba macho yenu kabla sijamwingiza nyoka kwenye sanduku. Ni boa wa mchangani (Eryx colubrinus), jike, urefu kama sentimita 45. Kibali cha KWS (shirika la wanyamapori la Kenya) kipo, hapo msinirudishe.

Sanduku ni la plaiwudi ya milimita 18: urefu sentimita 90, upana 45, kimo 45. Mbele ni kioo cha kusukuma, pembeni kuna matundu ya hewa pande zote mbili. Linakaa South B, nyumba ya chini kabisa, sakafu ya vigae, na Julai hii usiku chumba kinashuka hadi nyuzi 16 au 17.

Mezani kuna vitu vitatu:

- mkeka wa joto wa wati 16 uliotoka Marekani, nyuma umeandikwa 110V
- balbu nyekundu ya infraredi ya vifaranga, wati 250
- emita ya kauri ya wati 100 (inatoa joto bila mwanga), ya kuskurubu

Thamostati ni STC-1000 ya 220V. Holda niliyonayo ni ya pini, ya plastiki, na adapta ya kuigeuza iwe ya kuskurubu. Nitumie kipi, sensa ikae wapi, na stima ikipotea nifanye nini?

Stima_Kwanza

Mkeka huo usiuchomeke hata kwa kujaribu. Ukinzani wa waya wa ndani haubadiliki, kwa hiyo volti zikipanda, wati zinapanda kwa mraba wake. 240 ukigawa kwa 110 unapata 2.18, na 2.18 mara 2.18 ni 4.76. Mkeka wa wati 16 unageuka wa wati 76. Usidhani thamostati itakuokoa. Itauwasha na kuuzima, sawa, lakini kila ukiwaka unawaka kwa wati 76, na plastiki yake haikutengenezwa kwa moto huo. Ama utafute transfoma ya kushusha hadi 110, ama ununue wa 240. Wa 240 ndio rahisi.

Balbu ya wati 250 mrudishie mwenye kuku. Ile huning'inizwa juu ya bruda (boksi la kulelea vifaranga) iliyo wazi, joto likapata pa kutokea na vifaranga wakapata pa kukimbilia. Ndani ya boksi la kimo cha sentimita 45 lenye mfuniko, upande wa baridi utapotea kabisa. Isitoshe inatoa mwanga usiku kucha, na nyoka huyu hutembea gizani.

Inabaki emita. Chaguo zuri, lakini holda hiyo itupe pamoja na adapta. Uso wa emita ya wati 100 hupita nyuzi 200. Joto linapanda kwenye shingo, adapta ya plastiki inalegea, emita inainama, na siku moja inaanguka mchangani ikiwa bado imewaka. Nunua holda ya kauri ya E27, yaani ya kuskurubu. Mtaa wa Luthuli, kwenye maduka ya vifaa vya umeme, zipo, ukiuliza holda ya inkubeta au ya bruda watakuelewa haraka kuliko ukitaja nyoka. Waya wa sentimita 30 za mwisho uwe wa kustahimili joto, wenye ganda la silikoni au nyuzi za kioo. Usiifunge holda moja kwa moja kwenye plaiwudi: weka kipande cha bati, kikae sentimita moja mbali na mbao kwa kutumia vipande vya bomba au nati.

Sasa STC-1000, maana hapa ndipo wengi huunguza au hukwama. Nyuma ina nambari 1 hadi 8:

- 1 na 2: umeme wa kuiwasha yenyewe. Waya wa kahawia kwenye 1, wa bluu kwenye 2.
- 3 na 4: sensa. Haina upande, yoyote popote.
- 5 na 6: swichi ya kupasha joto.
- 7 na 8: swichi ya kupoza. Iache tupu.

Watu hufunga emita kwenye 5 na 6, taa ya kupasha inawaka, emita inabaki baridi, kisha wanasema kifaa ni feki. 5 na 6 hazitoi umeme. Ni swichi tupu. Chukua kipande cha waya toka 1, kiunge 5. Kutoka 6 nenda kwenye emita. Waya wa pili wa emita urudi kwenye bluu, pale pamoja na 2. Vyote viwe ndani ya boksi la plastiki lenye mfuniko, nje ya sanduku la nyoka, na waya wa nje ubanwe usivutike. Kama hujawahi kushika waya, mwite fundi wa stima, ni kazi ya dakika 20.

Mipangilio: shika kitufe cha S kwa sekunde tatu utaona F1. F1 ni joto unalotaka. F2 ni tofauti, iweke 0.5, ukiweka F1 kuwa 35, itawaka joto likishuka hadi 34.5 na kuzima likifika 35. F3 ni ya kulinda kompresa ya friji, haikuhusu. F4 ni ya kusahihisha sensa, utaihitaji baadaye.

Magamba_Taratibu

Stima_Kwanza amemaliza upande wa nyaya. Niongeze upande wa mnyama.

Huyu boa ni mzaliwa wa Kenya lakini si wa Nairobi. Kwao ni nyanda kame na za joto. Hapa tuko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na Julai ni mawingu wiki nzima, kwa hiyo "ni nyoka wa huku, atazoea" si hoja. Atakaa hai, ndiyo, lakini chakula kitamkaa tumboni bila kusagika kisha atakitapika.

Unachotafuta ni sanduku lenye ncha mbili. Upande wa moto, pale anapolala, nyuzi 32 hadi 34. Upande wa baridi 24 hadi 27. Usiku panaweza kushuka hadi 22 bila neno, mradi hana chakula kipya tumboni. Usipashe sanduku lote sawasawa, kwa sababu nyoka hana namna nyingine ya kujipoza ila kuhama.

Kwa boa wa mchangani napendelea mkeka (wa 240V) chini, kwa kuwa anaishi amejifukia na tumbo lake liko sakafuni. Mkeka usizidi theluthi moja ya sakafu. Na kwa sanduku la mbao usiubandike nje: plaiwudi ya milimita 18 ni kizuizi, joto litarudi kwenye mkeka wenyewe. Uweke ndani, juu yake kigae, kingo zizibwe kwa silikoni ya matanki ya samaki ili mkojo usiingie. Silikoni hiyo inanuka siki ikikauka. Mpaka harufu iishe kabisa, nyoka asiingie.

Jiwe_la_Mazeras

Hapo kwa mkeka sikubaliani nawe, ndugu Magamba, na sababu ni hiyohiyo uliyoitoa. Huyu nyoka anajifukia. Porini jua liko juu, akichimba anakuta ubaridi. Ukimwekea mkeka chini umegeuza dunia yake: akisikia joto anachimba, na kadiri anavyochimba ndivyo anavyokaribia moto. Nyoka hana haraka ya kukimbia joto la tumboni, atalala palepale mpaka magamba ya chini yabadilike rangi.

Halafu kuna mchanga wenyewe. Sentimita saba za mchanga mkavu ni blanketi. Unaweka sensa juu ya mchanga, inasoma 29, thamostati inasukuma mkeka uendelee, na chini kwenye kigae pako 45. Juu panaonekana sawa kabisa.

Njia ninayoiamini: emita juu, jiwe bapa chini yake. Jiwe la Mazeras la kupambia njia linatosha, unene sentimita 2 hadi 3, ukubwa kama 25 kwa 20. Liweke juu ya vipande vinne vya matofali au vigae vilivyopangwa, na vipande hivyo vikae kwenye mbao ya sakafu, si juu ya mchanga. Boa akichimba chini ya jiwe lililokaa mchangani, mchanga unakimbia na jiwe linamlalia. Ukishalisimamisha, jaza mchanga mpaka ubaki mwanya wa sentimita 3 hivi kati ya mchanga na tumbo la jiwe. Jiwe linapata joto toka juu, nyoka analala chini yake mgongo ukiwa umegusa. Akitaka ubaridi anachimba, kama kwao.

Magamba_Taratibu

Hoja ya kuchimba ni nzito, naikubali. Nasisitiza tu kwamba mkeka ukiwa na sensa iliyobanwa kati yake na kigae, ukawekwa 33 na si zaidi, haumchomi. Tatizo ni sensa kuwekwa juu ya mchanga, hapo umesema kweli. Lakini kwa sanduku hili na chumba cha nyuzi 16, mkeka peke yake usingetosha hata hivyo. Mkeka haupashi hewa. Kwa hiyo twende na emita na jiwe.

Angalizo moja juu ya sensa. Ukiiweka chini ya jiwe, jiwe linachelewa kupata joto na linachelewa kupoa. Sensa itasema 30 huku juu ya jiwe pameshafika 45, na emita ikizima joto lililobaki kwenye jiwe linaendelea kushuka chini dakika nyingi zaidi. Iweke juu ya jiwe, ukingoni mwa duara la emita, ibanwe kwa waya uliopitishwa kwenye matundu mawili madogo ukutani. Kisha kipimajoto cha pili kiende chini ya jiwe, na hicho ndicho cha kuamulia: rekebisha F1 mpaka chini pasome 32 hadi 33. Kwa kawaida juu patakuwa 35 hadi 37.

Gundi ya karatasi wala selotepu isiingie ndani ya sanduku. Nyoka akinasa, magamba yanatoka nayo.

Mchanga_Kavu

Asanteni sana, sikutegemea jiwe. Maswali mawili. Wati 100 ni sahihi? Tokeni zinaniuma. Na nina vipimajoto vitatu, kwenye meza moja vinasoma 19.2, 20.1 na 20.9. Niamini kipi?

Stima_Kwanza

Wati kwanza. Hesabu ya haraka: sanduku lako lina karibu mita za mraba 2 za kuta, sakafu na dari, na takriban 0.4 kati ya hizo ni kioo. Chukua wastani wa ndani nyuzi 28 na nje 17, tofauti 11. Plaiwudi tupu na kioo kimoja vitapoteza kama wati 80. Sasa zungushia nje ile sponji nyeupe ngumu inayokuja kwenye katoni za friji na televisheni, unene wa sentimita 2.5: nyuma, pembeni, juu, na hasa chini, kwa sababu sakafu ya vigae inanyonya. Hasara inashuka hadi wati 40 na kitu, na nusu yake inatokea kwenye kioo peke yake. Usiku ukikifunika kioo kwa kipande kingine cha sponji au blanketi utashusha tena. Matundu ya hewa yaache wazi, na sponji isikaribie mahali emita ilipofungwa. Inayeyuka na inashika moto.

Kwa tokeni: wati 80 mfululizo ni uniti 1.9 kwa siku, karibu 58 kwa mwezi. Wati 42 ni uniti moja kwa siku, 30 kwa mwezi. Sponji yenyewe pengine utaipata bure dukani.

Ukishaziba hivyo, badilisha emita iwe ya wati 60. Ya 100 haitaharibu kitu, lakini thamostati ya kuwasha na kuzima ikiwa na chanzo kikubwa hupita alama, ikazima, ikapoa, ikapita tena. Ya 60 inakaa imewaka muda mrefu zaidi na joto linatulia. Usiku wa nyuzi 14 bado itakutosha.

Iweke sentimita 25 juu ya jiwe, na ngao ya wavu wa chuma kuizunguka, matundu yasizidi sentimita moja, wavu ukiwa mbali na emita kiasi kwamba ukiushika haukuchomi. Najua boa wa mchangani si mpandaji. Weka tu.

Jiwe_la_Mazeras

Vipimajoto: vipime kwa barafu. Ponda barafu ijae kikombe, ongeza maji kidogo tu yazibe nafasi, koroga, subiri dakika tano, tumbukiza ncha katikati bila kugusa kikombe. Inatakiwa isome 0. STC ikisoma 0.8, weka F4 kuwa -0.8. Hakikisha ncha ya sensa imezibwa vizuri kabla ya kuiloweka.

Usijaribu upande wa pili kwa maji yanayochemka ukitarajia 100. Nairobi maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, sababu ya mwinuko. Utasahihisha kipimajoto kizima kiwe kibovu.

Kipimo bora cha juu ni kile cha homa cha dijitali cha duka la dawa. Maji ya vuguvugu kwenye thamosi, yaelekee 37, ingiza vyote pamoja. Cha homa kwa kawaida kinakosea sehemu ndogo sana ya nyuzi kati ya 35 na 42, na hapo ndipo karibu na namba unazozihitaji.

Kama una ile bunduki ya kupimia paji la uso ya enzi za korona, iache. Imetengenezwa kukisia joto la mwili, haikusomei uso wa jiwe ulivyo. Ya viwandani ya infraredi inafaa.

Bruda_na_Boa

Nimepita tu. Kitu ambacho hakijaguswa: thamostati ikifa, inafaje? STC sensa ikikatika, inaonyesha EE, inalia na kuzima. Vizuri. Lakini kuna njia mbili ambazo haiwezi kujitambua. Ya kwanza, sensa imechomoka na kuangukia mahali pa baridi, labda nyoka ameisukuma, labda wewe umeivuta ukisafisha. Inasoma 20, na itapasha mpaka asubuhi. Ya pili, rilei (swichi ya ndani) imegandana, kwenye skrini imezima lakini umeme unapita.

Dawa ni thamostati ya pili, ya bei rahisi, imefungwa mfululizo na ya kwanza, sensa yake mahali tofauti, tuseme ukutani upande wa moto, kimo cha jiwe. Iweke nyuzi nne juu ya joto la kawaida la pale. Siku zote itakuwa imewasha tu, haikati. Siku ile thamostati ya kwanza ikigandana, hii ya pili inakata.

Na takataka za mbao za kutandika: usichukue za kwa seremala. Nyingi hapa ni za saipresi au paini, na mafuta yake yakipashwa yanamkera nyoka mapafu. Mchanga wa mto uliooshwa mpaka maji yatoke meupe na kukaushwa kabisa unatosha.

Mchanga_Kavu

Nimeiwasha bila nyoka, saa 24, emita ya 60 na sponji pande tano. F1 ni 36. Chini ya jiwe 32.4, mchanga upande wa baridi 24.8 mchana na 22.9 alfajiri. Chumba kilishuka hadi 16.3. Upande wa stima kupotea?

Magamba_Taratibu

Namba nzuri hizo. Acha siku mbili zaidi halafu mwingize. Usimlishe siku tano hadi saba za kwanza.

Stima ikikatika saa mbili tatu, usifungue sanduku, funika kioo tu. Jiwe na mchanga vimeshika joto. Ikizidi hapo, chupa ya lita mbili yenye maji ya nyuzi 60, ifungwe taulo, iingie upande wa moto. Ikishuka toka 60 hadi 30 inatoa kama wati-saa 70, yaani kazi ya emita yako ya saa moja na nusu hivi. Basi unajua kila baada ya muda gani uibadilishe. Maji yanayochemka hapana, na bila taulo hapana. Jiko la mkaa chumbani lisitajwe kabisa. Hewa yake itawaua wewe na yeye.

Nyoka mwenye tumbo tupu akishinda usiku mmoja kwenye nyuzi 20 hataumwa. Aliyekula jana ndiye wa kuhangaikia. Kenya Power wakitangaza kukata umeme mtaani kwenu, sogeza siku ya kulisha mpaka upite. Akitapika, usimpe chakula kingine siku 14, kisha anza na panya nusu ya ukubwa wa kawaida.

Stima_Kwanza

Kabla hujasahau: plagi uliyotumia imekuja na fyuzi ya 13A. Itoe, weka ya 3A. Wati 60 ni kama robo ampea tu, na waya mwembamba wa emita ukigusana, fyuzi ya 13 itauacha uungue kwanza. Ukishabadilisha, iache iwake saa moja kisha shika plagi na ile boksi ya thamostati kwa kiganja. Vikiwa na joto la kusikika, kuna skrubu haijakazwa.

Mchanga_Kavu

Nambari 6 ndiyo ilikuwa imelegea. Nimekaza.